Habari ya Venant

Serikali iliporuhusu watu binafsi kuchapa magazeti, Mwanza nayo ilipata ya kwake. Mengine yalitoka mara mbili tatu yakafa. Gazeti la Nanga liliendelea, kwa sababu mwenyewe, Ndalahwa, alikuwa ametajirika kwa minofu ya sangara na alitaka jina lake lijulikane kabla ya uchaguzi wa vyama vingi. Alipangisha vyumba viwili ghorofani, mtaa wa Rwagasore, juu ya duka la misumari na mabati, akanunua kompyuta moja na mashine mbili kuukuu za kupigia chapa, kisha akaenda kumtafuta Teodora Mashimba.

Teodora alikuwa mwandishi wa shirika la serikali tangu ujana wake. Watu wa Mwanza walimjua kama Mama Kija, jina la binti yake wa pekee aliyekuwa ameolewa Shinyanga. Mumewe alikuwa amefariki, na ofisini kwake kulikuwa na maneno ya kupunguza wafanyakazi. Hakutaka kungoja kuitwa. Alimwambia Ndalahwa kwamba angekuja, kwa sharti moja: yeye ndiye angeamua nani anaandika.

Tatizo likawa hao waandishi wenyewe. Waliosomea kazi hiyo walikimbilia Dar es Salaam. Waliobaki walikuwa vijana waliomaliza kidato cha nne, wenye mwandiko mzuri na maneno makubwa. Teodora akaamua kuwafundisha mwenyewe, kila Jumamosi mchana, kwenye baraza ya nyumba yake kule Butimba. Mwanzo walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Walipoona kwamba kufundishwa ni kutumwa soko la samaki la Kirumba kwenye jua, kurudi na ukurasa mmoja, na kuona ukurasa huo ukikatwa kwa kalamu nyekundu hadi ubaki mistari minne, wakapungua. Waliobaki mpaka mwisho ni wawili.

Wa kwanza alikuwa Suzana, mpiga chapa wa ofisi, msichana mrefu, mkimya, kutoka Karagwe. Aliandika kwa ukavu kama mtu anayetoa ushahidi, na Teodora aliupenda ukavu ule.

Wa pili alikuwa Venant. Alipanda ngazi za Nanga asubuhi moja, akaamkia shikamoo huku akishika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akatoa karatasi mfukoni mwa shati. Alikuwa ameandika juu ya mtu aliyepunguzwa kazi kiwandani, ambaye bado kila asubuhi alivaa sare yake na kwenda kukaa nje ya geti. Teodora akaisoma amesimama. Ilikuwa imejaa machozi ya mbinguni na giza la mauti, lakini chini ya hayo yote alikuwapo mtu wa kweli.

"Huyu anaitwa nani?" akamuuliza.

"Sikumuuliza, mama."

"Basi nenda ukamuulize."

Venant akashuka ngazi. Alirudi jioni viatu vikiwa vyeupe kwa vumbi. Jina alikuwa nalo, na zaidi ya jina: karani aliyemwandikisha yule mtu kazini, miaka mingi iliyopita, alilisikia vibaya, na maisha yake yote kiwandani aliitwa kwa jina lisilo lake. Alipunguzwa kwa jina hilohilo. Habari ile ilitoka wiki iliyofuata, na watu waliizungumzia sokoni.

Siku hiyohiyo, kabla hajaondoka, Venant alimwambia Teodora kwamba yeye ni mkimbizi. Hakupenda alisikie kwa mwingine. Mama yake alimzaa njiani mwaka sabini na mbili, Wahutu walipokuwa wakikimbia mauaji ya Burundi, na alikulia Ulyankulu, Tabora, kwenye makazi ya wakimbizi, ambako baba yake, mzee Paulo, alilima tumbaku. Mama alizikwa hukohuko. Kisha akamuuliza Teodora kama anajua mtaa ule umepewa jina la nani. Teodora alikuwa amepita hapo miaka yote akidhani Rwagasore ni mtemi fulani wa Kihaya. Venant akamweleza kwamba alikuwa mwana wa mfalme wa kwao, aliyeuawa kabla ya uhuru, na kwamba yeye alipofika Mwanza na kulisoma lile jina kwenye kibao alisimama pale muda mrefu, akajiona kama mtu aliyekaribishwa.

Ndalahwa alipoambiwa, alishtuka. Akauliza watu wa uhamiaji wakija juu atawaambia nini, na tangu lini mkimbizi akaandika mambo ya nchi ya watu. Teodora alihangaika mwenyewe na kibali cha kijana huyo, akakipata, lakini jina lake gazetini Ndalahwa alilikataa katakata. Kwa hiyo kila alichoandika Venant kilitoka na maneno "Na Mwandishi Wetu." Hakulalamika. Ila Teodora alimwona mara kwa mara, gazeti likitoka, akipitisha kidole juu ya maneno yale matatu kabla ya kuanza kusoma.

Jumamosi za Butimba zikawa za watu watatu. Baada ya kazi Teodora aliwapikia ugali na samaki, nao wakabishana. Alichowafundisha hakikuwa kingi. Habari ni mtu, na mtu ana jina. Muulize, mwambie akutajie herufi, mrudishie asikie umeandika nini. Usiandike alichohisi, andika alichofanya na alichosema. Na ukimwandika mtu umemchukua. Huwezi kumtupa njiani kwa sababu gazeti limekwisha kutoka.

Jumamosi moja Venant alijikwaa kwenye ngazi ya baraza, akatamka jambo kwa Kirundi, na Suzana akacheka kabla hajajizuia. Venant akamtazama, akakaa kula ugali wake. Baadaye, wakiosha vyombo, Suzana alimweleza Teodora. Wazazi wake walitoka Rwanda wakati Watutsi walipofukuzwa kule, kabla yeye hajazaliwa, na lugha ya huko inakaribiana mno na Kirundi. Baba yake aliwakataza watoto kuisema nje ya nyumba. Wao ni Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, basi. Shuleni Mnyambo, kanisani Mnyambo. Alimwomba Teodora asimwambie mtu, na Teodora alikubali, akapokea sahani iliyofuata akaikausha.

Venant naye hakuligusa jambo hilo tena. Lakini tangu siku ile alimwita Suzana dada yangu, na Suzana, ambaye hakuwa mwepesi wa mazoea, alimwachia.

Katikati ya mwaka tisini na tatu Burundi walipiga kura. Akachaguliwa rais mpya, naye akawaita watu wake waliotawanyika warudi nyumbani. Kule Ulyankulu wazee walianza kuuza mbuzi. Mzee Paulo akatuma ujumbe kwamba anarudi kwenye mlima wao, mkoani Muyinga, akafie kwa baba zake. Venant akaja kumwambia Teodora kwamba hawezi kumwacha mzee arudi peke yake.

Teodora akasema, "Utatuandikia."

Baadaye alikumbuka kwamba alisema hivyo kwanza, kabla ya kumtakia safari njema. Wakati ule hakuona ubaya. Aliwaza jinsi ilivyo habari nzuri, na jinsi kijana huyu alivyozaliwa kuiandika. Alikwenda kwa Ndalahwa akamwambia kwamba sasa Venant si mkimbizi tena, ni raia anayerudi kwao, na kwamba gazeti lisipoweka jina lake yeye hatalipeleka mtamboni. Ndalahwa akacheka, akakubali. Suzana ndiye aliyempelekea Venant taarifa hiyo. Alisema kijana alikaa chini kwenye ngazi za ofisi akafunika uso.

Wote wawili walimsindikiza mpaka kivuko cha Kigongo. Venant alikuwa amevaa koti la mumewe Teodora, alilopewa kwa sababu kule milimani kuna baridi. Akasimama kwenye ukingo wa kivuko kilipokuwa kinakwenda ng'ambo ya Sengerema, akapunga mkono bila haraka, kama mtu anayejua atarudi.

Habari zake mbili zilifika kwa mikono ya madereva wa malori ya Ngara. Ya kwanza ilikuwa juu ya safari na mlima wenyewe: jinsi mzee Paulo alivyoutambua mti mmoja tu, akaukumbatia, kisha akaona haya kwa kuwa watoto walikuwa wanamtazama. Juu yake paliandikwa: Na Venant Nduwimana, Muyinga.

Ya pili ilihusu mwanamke aitwaye Sabina. Alikuwa mjane wa Kitutsi, jirani wa zamani wa akina Paulo, na kwa miaka ishirini alikuwa amelima nusu ya shamba lao. Wakimbizi wengi waliorudi walikuta ardhi yao ina mwenyewe mpya, na magomvi yalikuwa kila mahali. Mzee Paulo alikwenda kwa Sabina akitarajia ugomvi. Sabina akatoka, akamshika mkono, akamzungusha kwenye mpaka wote wa shamba, hatua kwa hatua, migomba hii yako, ile yangu. Kisha akampeleka kwenye makaburi ya wazazi wa mzee. Yalikuwa yamepaliliwa. Venant alimuuliza kwa nini aliyapalilia makaburi ya watu waliokimbia, na akaandika jibu lake kama lilivyotoka: "Wao hawakukimbia. Walikuwa hapahapa na mimi."

Habari hiyo ilipendwa kuliko yoyote iliyopata kutoka Nanga. Padri mmoja wa Nansio aliisoma kanisani. Wahaya wa mjini walisifia mahali alipoeleza pombe ya ndizi ambayo Sabina aliwapikia. Teodora aliisoma akiwa na kalamu nyekundu mkononi, akafika mwisho hajakata kitu.

Oktoba, redio ikatangaza kwamba askari wamemuua rais wa Burundi.

Siku zilizofuata milima ilishika moto. Wahutu wenye hasira ya rais wao waliwageukia majirani Watutsi; jeshi likaja likaua Wahutu; watu wakamiminika mpakani kuingia Ngara, Kibondo, Kasulu. Teodora aliandika yaliyofika, kwa tahadhari yake ya siku zote. Kila dereva aliyetoka Ngara alimuuliza habari za kijana mwenye koti la kijivu. Suzana alikuwa akisikiliza redio ya Kigali kwa sauti ya chini kwenye chumba cha kompyuta, na mtu akiingia aliizima.

Desemba, Teodora alichoka kungoja. Suzana alitaka kwenda naye. Akamwambia abaki na gazeti.

Kambini, Ngara, kulikuwa na maturubai kila upande mpaka macho yanachoka, na moshi, na watoto wanaokohoa. Lakini waliotoka Ulyankulu walijulikana kwa Kiswahili chao. Wenzao waliwaita Watanzania. Akaulizia kwa hao, na wakamwelekeza kwa mzee Paulo. Alimkuta anapasua kuni kwa panga butu, mtu mwembamba mwenye masikio makubwa kama ya mwanawe.

"Shikamoo, mzee," alisema Teodora.

"Marahaba. Wewe ni Mama Kija." Akaweka panga chini. "Karibu. Kiti hatuna." Akamtandikia gunia, akangoja mpaka amekaa. "Venant hayupo."

Teodora hakuuliza yuko wapi. Alijua kwa namna alivyotandikiwa lile gunia.

Mzee alimsimulia bila kupandisha sauti. Habari za rais zilipofika, yeye na Venant walifunga mizigo usiku uleule, kwa kuwa walijua jeshi litakuja. Alfajiri walikuwa wameshashuka kwenye njia ya mpakani pamoja na wengine. Hapo wakawakuta watu wanaosema kwamba vijana wa mlimani wanapita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta Watutsi. Venant akasimama.

"Nilimwambia twende," alisema mzee Paulo. "Nikamwambia mama yako alikuzaa njia hii hii tukikimbia, usinifanye nirudi nyuma. Akaniambia, baba, nimeliandika jina la yule mama. Siwezi kwenda bila yeye. Akanipa mzigo wake nikae nao kwenye mawe, akarudi."

Mzee alikaa kwenye mawe mpaka jua likapanda. Kisha akaufuata mlima polepole, akajificha kwenye migomba yake mwenyewe. Alimwona mwanawe uani kwa Sabina, amesimama mlangoni, anazungumza na wale vijana kwa upole, mikono imefunguliwa. Walikuwa Wahutu kama yeye. Walimwambia aondoke mlangoni. Hakuondoka. Wakasema anayemficha adui ni adui.

"Wote wawili," alisema mzee Paulo. "Yeye kwanza."

Kisha akasogea karibu na gunia, akasema lile ambalo inaonekana alikuwa amelibeba siku zote hizo.

"Usiandike waliomuua ni akina nani."

Teodora akamwangalia.

"Wako hapa," alisema mzee. "Jeshi lilipokuja nao walikimbia kama sisi. Mmoja ni mtoto wa binamu yangu. Turubai lake ni lile lenye kiraka. Juzi upepo ulipong'oa langu, yeye ndiye aliyekuja kulifunga. Tunachota maji kwenye bomba moja. Anajua nilimwona? Sijui. Nikilala najiuliza anajua au hajui. Nimebaki na mabinti wawili na wajukuu, walionifuata hapa toka Ulyankulu, mama. Ukiandika, gazeti litafika hapa. Madereva wanayaleta."

Teodora alitazama upande wa lile turubai lenye kiraka. Kijana alikuwa amekaa mbele yake akimnyoa mtoto nywele kwa wembe, kwa uangalifu, akimpulizia shingoni. Hakujua kama ndiye. Hakuuliza.

Akamwahidi mzee Paulo kwamba hataandika. Mzee akamshukuru, akamletea chai ya rangi kwenye kopo. Hakumlaumu hata kwa neno moja. Teodora alingoja alaumiwe mpaka alipoaga, na njiani kurudi aliona kwamba lawama ingekuwa kitu cha kushika, na sasa hakuwa na cha kushika.

Mwanza, Ndalahwa alikuwa amekwisha kuandaa kichwa cha habari: jeshi la Burundi limemuua mwandishi wa Nanga. Alisema kila mtu anajua hivyo. Teodora akamwambia si askari. Akaulizwa, basi nani? Akasema hilo hawezi kulisema. Ndalahwa, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamwambia kwa upole kwamba kama hawezi kusema ni nani, hawezi pia kukataza kusemwa ni nani.

"Ukiandika askari, mimi leo ndiyo mwisho," alisema Teodora.

Habari iliyotoka ilikuwa fupi. Ilisema Venant Nduwimana, mwandishi wa gazeti hili, aliuawa mkoani Muyinga katika machafuko, akijaribu kumwokoa jirani yake Sabina. Ilitaja alikozaliwa na aliowaacha. Wasomaji wote walidhani ni jeshi, na Teodora hakuwasahihisha.

Suzana tu ndiye aliyeambiwa ukweli. Teodora alimwambia kwa sababu asingeweza kuubeba peke yake, na kwa sababu alidhani binti huyu, ambaye maisha yake yote yalikuwa siri, angeelewa kuliko mwingine. Suzana alisikiliza mpaka mwisho, macho makavu.

"Ulitufundisha kuandika alichofanya mtu," alisema.

"Mzee Paulo anachota maji na hao watu, Suzana."

"Na kila muuaji akikaa karibu na bomba la maji, tutanyamaza? Venant alikufa kwa maneno yako, mama. Aliyaamini. Kumbe yana mwisho."

Walifanya kazi pamoja wiki chache zaidi, wakisalimiana vizuri, kisha Suzana akaacha kazi. Baraza ya Butimba ikabaki tupu. Vijana wengine walikuja kuomba kufundishwa, wakiwamo wawili kutoka kambini wenye vibali vyao. Aliwapa chai, akawaambia amezeeka.

Aprili iliyofuata Rwanda ikaangamia. Ndani ya siku chache Ngara ilipokea Wanyarwanda wengi kuliko watu wa miji mingi ya Tanzania, Wahutu waliokuwa wakikimbia, na kati yao waliokuwa na damu mikononi. Mjini Mwanza watu waliacha kula samaki kwa sababu ya maiti zilizosemwa kuwa zinaelea kutoka mto Kagera. Minofu ya Ndalahwa ikakosa wanunuzi wa hapa. Teodora alisikia kwa watu kwamba Suzana ameajiriwa kambini na shirika moja la misaada, kama mkalimani. Alishangaa, akaogopa kwa ajili yake. Kwa mwaka mzima na zaidi hakupata neno lolote kutoka kwake.

Uchaguzi ulipita. Ndalahwa hakupata hata uteuzi wa chama chake, na kabla mwaka haujaisha alilifunga Nanga, akaipeleka kompyuta kwenye ofisi ya minofu. Teodora akabaki nyumbani Butimba, akafuga kuku, akaandika habari moja moja kwa magazeti ya Dar es Salaam.

Suzana alikuja mchana wa Jumamosi, mwanzoni mwa mwaka tisini na sita. Alikuwa amekonda na alikuwa na mvi kadhaa juu ya sikio, ingawa hakuwa amefika miaka thelathini. Teodora alimkumbatia, akampakulia chakula, akamwacha ale. Alipomaliza ndipo Suzana akasema.

Ndugu wote wa baba yake waliobaki Rwanda walikuwa wamekwisha. Shangazi, wajomba, watoto. Na yeye alikaa kambini akitafsiri maneno ya watu ambao, kwa yote anayojua, ndio waliofanya kazi hiyo. Aliwaambia ni Mnyambo aliyejifunza lugha yao sokoni. Walimpenda. Walimsimulia mambo. Usiku alilala mlango ameukomea.

"Nilikaa mwaka mzima bila kusema mimi ni nani," alisema. "Nikikinga maji nilikuwa nakukumbuka wewe, na yale niliyokuambia."

Teodora alimwambia kwamba yale aliyoyasema yalikuwa kweli. Suzana akatikisa kichwa, si kwa kukataa, kama mtu aliyechoka kuchagua.

Kisha akasema mzee Paulo amefariki. Kuhara damu, kambini, baada ya mvua. Suzana alikuwa amemtafuta tangu alipofika Ngara na alikuwa akimtembelea. Mabinti zake walikuwa wameolewa na watu wa Kasulu na kuondoka na wajukuu. Yule kijana wa turubai lenye kiraka alikuwa amevuka kurudi Burundi kupigana, na hakuna aliyejua kama yu hai. Siku chache kabla hajafa, mzee alimwambia Suzana kila kitu upya, taratibu, na mwisho akamwambia: sasa andikeni.

Naye ameandika. Amepeleka kwa magazeti matatu ya Dar es Salaam. Mawili hayakujibu. La tatu, mhariri mwenyewe alimpigia simu posta, mtu mwungwana, akamwambia imeandikwa vizuri sana. Lakini ni ya miaka miwili na zaidi iliyopita, na ni ya Burundi. Na baada ya yale ya Rwanda, dada, alimuuliza, mtu mmoja?

"Wawili," alisema Teodora.

"Nilimwambia hivyo. Wawili."

Walikaa. Nje kuku walikuwa wanaparua chini ya mpapai, na upande wa chuo cha ualimu wanachuo walikuwa wanafanya mazoezi ya kwaya, mstari mmoja ukirudiwa na kurudiwa kwa sababu sauti ya pili ilikuwa inapotea. Teodora akamwambia aisome.

Suzana akasoma. Ilikuwa kavu, wazi, kama alivyoandika siku zote, na Venant alikuwamo: koti la kijivu, mzigo juu ya mawe, mikono iliyofunguliwa mlangoni. Majina ya waliomuua yalikuwamo, kila moja na herufi zake. Mahali fulani Teodora ilibidi ajipanguse uso kwa upande wa khanga, lakini hakumkatiza. Alimkatiza mara moja tu, karibu na mwisho.

"Hapo umesema vijana wenye hasira."

"Ndiyo."

"Ulijuaje walikuwa na hasira? Mzee Paulo alikuambia hivyo?"

Suzana akaitazama karatasi.

"Hapana," alisema. "Alisema walikuwa wanacheka."

"Basi andika hivyo."

Suzana akapokea kalamu, akafuta, akaandika. Kisha akasoma aya iliyofuata.